Kulaza Maharagi Saa Kumi na Mbili

Vijana wangu wa kazi, mmeniomba niandike mambo ya muhimu kabla sijayasahau. Kusahau, mimi? Bado nakumbuka nani alivunja mpini wa lile jembe la kijani, akalirudisha stoo amelifunga na utepe wa scotch. Lakini bon, nimestaafu, mvua inanyesha hapa Etterbeek, Bruxelles, tangu asubuhi, balkoni yangu imejaa maji, acha niandike. Habari za kupanda cheo sitaziweka kwa sababu sikupanda. Mshahara mnaujua, ni uleule mnaoulalamikia.

Kazi niliipata kupitia kanisa. Nilikuwa nasafisha maofisi, mgongo umechoka kabisa, siku moja maman mmoja wa chorale, kwaya yetu, akaniambia kuna association, shirika moja, inatafuta mtu wa kufundisha familia kulima mboga nyuma ya nyumba, kule Berchem-Sainte-Agathe, kwenye zile nyumba za cité zenye kibustani na cave, chumba cha chini ya ardhi. Nikajisemea, mimi mtoto wa Bukavu, niliyekua nikilima kwenye mteremko mkali, mkono mmoja jembe, mkono mwingine unashika kitu usije ukaporomoka, nitashindwa na tambarare ya Wabelgiji? Nikaenda.

Siku ya kwanza chef, mkubwa wetu wa kazi, alinionyesha kipande cha udongo akasema nitoe magugu yote. Nikainama. Kumbe magugu yenyewe ni lenga-lenga, mchicha wa kwetu! Imeota yenyewe, nene, laini, hakuna hata aliyeipanda. Nikatenga kazi: magugu ya kweli kwenye brouette, lile toroli, lenga-lenga kwenye mfuko wangu. Chef akauliza mfuko ni wa nini. Nikamwambia, "C'est mon souper, monsieur," chakula changu cha usiku. Alifikiri namtania. Kesho yake nikamletea kidogo, nimepika na kitunguu na karanga za kusaga, akakula amesimama, akasahau hata kuongea na simu yake. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeng'oa kitu pale bila kuniuliza kwanza kama kinaliwa.

Lakini mwalimu wangu wa kweli hakuwa chef. Alikuwa Jef, mzee wa palepale Berchem, zamani fundi wa tram. Hakuajiriwa na association. Alikuwa jirani tu, anakuja kusimama kwenye uzio kutuangalia tukikosea. Alichanganya Kiflama na Kifaransa katika sentensi moja, mimi nikachanganya Kifaransa na Kiswahili, na bado tulielewana, hasa kwenye kugombana. Kwa watu hakuwa na subira hata kidogo. Kwa poireau, vile vitunguu virefu vya majani, alikuwa na subira ya ajabu. Mbegu za poireau zake zilitoka kwa mama yake, na kila mwaka alizipanda, akazivuna, akaziweka.

Yeye ndiye alinifundisha kwamba kulima na kuweka mbegu ni kazi mbili. Poireau unaichagua ile nene kuliko zote, unaiacha udongoni baridi yote, inakaa mpaka kiangazi cha pili, ndipo inatoa kichwa cha maua kama ngumi ya mtoto. Kile kichwa unakivalisha soksi ndefu ya nylon ya wanawake, mbegu zikikauka zinaangukia ndani, upepo hauzipati. Soksi sikuwa nazo za kutosha, nikaomba mamans wa chorale wanipe collants zao za zamani. Wakatoa kwa moyo wote. Siku mke wa pasta alipopita kutusalimia, alikuta miguu ya nylon imening'inia bustani nzima, myeusi, ya kahawia, hata myekundu. "Faida," akaniuliza polepole, "hapa ni jardin ao ni nini?" Nilicheka hadi nikakaa kwenye udongo.

Mambo mengine mnayajua lakini nayarudia, maana hamsikii. Mbegu za tomate ziacheni kwenye glasi na maji yake mpaka zinuke, mpaka juu paote ngozi, ndipo mzioshe, mzianike kwenye sahani. Kwenye karatasi zinaganda, mtazing'oa na kucha. Na glasi hiyo haikai kwenye frigo ya bureau karibu na maziwa ya kahawa. Aliyefanya hivyo anajijua, nami namjua. Courgette, kile kiboga kirefu cha kijani, iliyozaliwa na mbegu mliyoiweka wenyewe, onjeni kipande kidogo kibichi kabla ya kupika. Ikiwa chungu, temeni na mtupe yote, msijifanye mashujaa, imechanganyika na boga la mapambo na itawachafua tumbo.

Sasa nije kwenye jambo gumu, gumu hasa kwetu sisi watu wa Kivu. Sisi tunakula mmea wote. Boga, tunakula majani. Viazi vitamu, tunakula majani. Maharagi, majani yake laini ni chakula cha heshima, na mtu mwenye akili hawezi kuyaona yamesimama pale yanang'aa akayaacha. Mbegu inataka kinyume. Mmea ulio mzuri kuliko yote ndio huruhusiwi kuugusa. Jef akiona lenga-lenga yangu nzuri anafunga kamba nyekundu kwenye shina, ananiangalia usoni. Mimi nilikuwa nalala nikiiota ile lenga-lenga.

Alors, mwaka wangu wa mwisho kazini ndipo nilipofanya kazi iliyonipa furaha kuliko zote, na chanzo chake ni maman Nabintu.

Maman Nabintu alikuwa jirani wa Jef, ukuta kwa ukuta. Mama wa Bushi, kule milimani nje ya Bukavu, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, magoti yamekwisha lakini mdomo mzima kabisa. Nilikuwa napita kwake kila wiki kuangalia bustani yake. Siku moja ya mwezi wa nne alinikalisha jikoni, akatoa kikopo cha maziwa ya unga, akamwaga mezani maharagi. Mkono mmoja tu, hata haukujaa. Mekundu yenye mistari myeupe, yamezeeka, rangi imeanza kufifia.

"Faida, hizi njo zimebaki," akaniambia. "Ni za mama yangu. Nilizipandaka hapa Bulaya mara mingi. Zinapanda, zinapanda, majani, majani, halafu baridi inakuya, zinakufa. Haizalake hata moja! Bulaya imezitia wazimu."

"Na kule nyumbani, maman? Hawana?"

"Kule nani amebaki wa kulima? Kijiji ilikimbia yote. Yaya wangu, dada yangu mukubwa, iko Bukavu mjini, ananunua ku soko kama weye. Zikikufa hizi, zimekwisha. Mwaka jana nilitia tano mu maji, iliota mbili tu. Donc zinanikufia mu mkono."

Halafu akaniambia kitu kingine, kwa sauti ya chini, kana kwamba anaona haya. Yeye na yaya wake walikuwa wanabishana kwenye simu kwa miaka, ua la maharagi yale lilikuwa na rangi gani. Yeye alisema la zambarau. Yaya alisema jeupe. "Nataka nione ile maua mbele ya kufa," akasema. "Nimuonyeshe yule muntu."

Nilikwenda kumuuliza Sofie, agronome wetu, mtaalamu wa mimea, ambaye wengi wenu mnamjua. Sofie alicheka kwa furaha kama mtu aliyeulizwa swali alilolisubiri. Akanieleza kwamba maharagi ya aina ile hutoa maua pale tu usiku unapokuwa mrefu. Kwetu jua linaingia saa kumi na mbili, mwaka mzima, mmea umezoea hivyo. Hapa mwezi wa sita, watu wamekwisha kula, wamekwisha kuosha vyombo, wanakunywa kahawa nje, na bado jua linawaka. Maharagi yanangoja usiku. Usiku wa kutosha unafika mwezi wa tisa, wakati baridi nayo iko njiani. "Hayana wazimu," Sofie akasema. "Yanangoja tu saa ya kwao."

Nikarudi Berchem nikamweleza maman Nabintu na Jef, tumesimama kwenye uzio. Tunahitaji giza, nikasema, kila siku, kuanzia saa kumi na mbili ya mangaribi mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi. Jef akafikiri kidogo. Mnajua watu wa Bruxelles wanavyolima chicons, ile mboga chungu nyeupe: baridi wanapanda mizizi kwenye cave, gizani kabisa, ili itoke myeupe. Kiangazi ile cave inakaa bure.

"Du noir, giza?" akasema Jef. "Mimi niko na noir mingi sana."

Basi tukaanza. Mbegu za zamani hazitupwi udongoni hivihivi. Tulizilaza kwenye kitambaa chenye unyevu, karibu na boiler, na maman Nabintu akawa anakifunua kila saa mpaka nikamkataza. Zilipoota zile zilizokubali, tulizihamishia kwenye ndoo za mayonnaise. Ndoo nilizipata kwa mtu wa frites, muuza chipsi, karibu na kituo cha tram, nikatoboa chini, nikaweka vijiti vifupi ili vipite kwenye mlango wa cave. Kila ndoo miche mitatu. Zilikuwa ndoo sita, na hakukuwa na mbegu nyingine popote duniani tunayoijua.

Kila mangaribi niliacha kazi nyingine zote nikaenda kulaza maharagi. Hilo ndilo jina tuliloipa kazi hiyo, kulaza maharagi. Jua bado kali, watoto wa jirani wanapiga mpira, sisi tunabeba ndoo. Jef alikuwa mbele akipiga kelele "doucement, doucement", polepole, mimi nyuma, maman Nabintu mlangoni na fimbo yake anatuhesabia ndoo. Mlango ukifungwa, anaugonga kidogo na fimbo. "Mulale muzuri." Asubuhi Jef alizitoa nje, maana wazee huamka kabla ya ndege.

Jirani mmoja wa ng'ambo ya pili, kuona kila mangaribi watu wanaficha mimea yenye majani mengi kwenye cave, alifikiri ni bangi, vile mtu yeyote wa Bruxelles angefikiri. Akaita polisi. Alikuja kijana mmoja mwenye adabu.

"Madame, mnalima nini mle ndani?"

"Haricots, maharagi."

"Kwenye cave?"

"Hazilimwi kwenye cave, monsieur. Zinalala."

Akamgeukia Jef, mzee wa nchi yake, kutafuta msaada. Jef akakubali kwa kichwa, kwa uzito wote wa fundi wa tram. "C'est exact. Zinalala." Yule kijana akachuma jani, akalisugua, akalinusa, akalinusa tena. Kisha akavua kofia akatusaidia kubeba ndoo mbili zilizobaki, na maman Nabintu akambariki kwa Kishi, lugha ya kwao, hadi kwenye gari lake.

Jumapili sikuweza kuja, kwa sababu ya ibada na mikutano ya baada ya ibada, ambayo ni mirefu kuliko ibada. Mamans wa chorale waliokaa Berchem wakajitolea. Niliwaeleza vizuri: saa kumi na mbili, ingizeni ndoo zote, fungeni mlango, msiache mwanga upite. Wakafuata neno kwa neno. Jumatatu nilipofika nikamkuta maman Nabintu amekaa kwenye ngazi, fimbo yake inaonyesha zile ndoo.

Nikaenda kwenye ndoo. Vijiti vilikuwa vimesimama na vikamba vya kijani tu. Wameyachuma! Majani yote laini, na kwenye ncha za majani laini ndipo vichipukizi vya maua vilikuwa vimeanza kuonekana, vidogo kama kichwa cha sindano. Nikampigia simu kiongozi wao.

"Maman Faida!" akapokea kwa furaha. "Tulifanya kazi yote, na tulikusaidia tena kupunguza majani, ilikuwa imefunga sana. Tulipika mushogoro ya ile majani, tamu, weh! Nilikuwekea kasahani."

Ningemwambia nini? Ningekuwa mimi, mwaka wangu wa kwanza, ningefanya vilevile. Nililia pale kwenye bustani, nawaambia kweli, nililia kama mjinga mbele ya Jef, na Jef, ambaye hajui kumfariji mtu, akaanza kukwangua matope kwenye viatu vyake. Halafu akakohoa. Akasema Jumapili aliona wingu, akaogopa mvua ya mawe, akaingiza ndoo mbili mapema, akazisukuma nyuma kabisa, kule kwenye kona ya chicons. Mamans hawakuziona, na asubuhi ile alikuwa bado hajazitoa.

Tulishuka wote, hata maman Nabintu na magoti yake. Ndoo mbili, majani mazima, vichipukizi vizima. Maman Nabintu alipiga vigelegele mle ndani ya cave mpaka masikio yangu yakaziba. Na ile sahani? Nilikwenda kuichukua jioni, bado nimekasirika, nikala yote. Ilikuwa tamu, na hilo liliniudhi zaidi.

Tuliendelea na zile mbili. Jumapili nilianza kutoka kanisani mapema, na pasta alinielewa nilipomweleza, au alijifanya. Asubuhi moja ya mwezi wa nane Jef alinipigia simu niko kwenye tram. Hakusema hata bonjour. "Il y en a une," lipo moja, akasema, akakata. Nilipofika, maman Nabintu alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya ndoo, simu mkononi, picha imewaka, anamwonyesha yaya wake wa Bukavu.

Ua lilikuwa la zambarau. Lakini ukilifungua kwa kidole, ndani lilikuwa jeupe.

"Umeona?" alipiga kelele maman Nabintu. "Violet!"

"Ingiza kidole," ikajibu simu. "Mweupe! Nilikuambia!"

Waliendelea hivyo mpaka betri ikaisha, na sijawahi kuona watu wawili wakishindwa kwa furaha namna ile. Baada ya hapo maua yakaja kwa mafungu, maganda yakafuata, marefu, yenye madoa. Tuliyaacha yakaukie kwenye mmea mpaka yakalia ukiyatikisa. Kumbukeni hilo: ganda lisilolia halivunwi kwa mbegu. Yaliyobaki kidogo mabichi tuliyatundika na mmea mzima, mizizi juu, kwenye cave ileile.

Tulipokoboa mezani kwa maman Nabintu, tulipata vikombe viwili na kidogo. Mekundu, mistari myeupe, yanateleza kwenye vidole. Mimi nilikuja na bocals zangu safi, mitungi ya kioo, na mchele niliokaanga mkavu wa kuweka chini ili unywe unyevu. Nilikuwa nimekwisha kupanga kichwani: bocal moja kwa maman, moja kwa Jef, moja kwa rafu ya association, ndiyo hiyo mtakayoikuta pale juu, na mtaipanda mwezi wa tano na mtaibeba kila mangaribi, hata yule mwenye udhuru wa mgongo. Nilichambua moja moja. Nono kulia, yenye mikunjo kushoto.

Maman Nabintu akanyoosha mkono, akachota kikombe kizima kutoka kulia, kwenye zile nono, akakimwaga kwenye sufuria ya maji.

"Maman!" Nilisimama, kiti kikaanguka. "Unafanya nini? Hizo ni mbegu!"

"Ninapika."

"Nusu yake? Miaka yote hii umezichunga, leo unazipika? Chukua zile za mikunjo basi!"

"Faida. Kaa chini."

Nikakaa. Jef naye, ambaye hakuelewa neno hata moja, akakaa.

"Mama yangu hakunipatia mbegu," akasema. "Siku tunakimbia vita, alinifungia hizi mu kipande ya kikwembe, ile kitambaa yake ya kuvaa. Akaniambia: ukifika mahali kuko moto na maji, upike, ukule. Ilikuwa chakula ya njia. Yeye alibakia nyuma na baba, miguu yake haikuweza. Mimi nilifika mahali kuko moto na maji. Njaa ilikuwa inanikata tumbo. Nikafungua ile kikwembe, nikaangalia, nikashindwa. Niliona nikikula, nimebaki bila kitu ya mama." Akafunika sufuria. "Batu wanasema nilichunga mbegu. Apana. Niliogopa kukula."

Nikachukua kitunguu, nikakata, na machozi niliyatwika kitunguu. Jef akaenda kwake akarudi na bia na sahani zake mwenyewe, maana anazoziamini ni hizo tu. Maharagi yaliloa, yakachemka mangaribi nzima, nyumba ikajaa harufu ambayo siwezi kuwaelezea, ya nyumbani tu. Mawese kidogo, chumvi, basi. Nikasonga bugali.

Tulipoandaa, maman Nabintu aliomba kwa ufupi, kitu asichozoea. Alikula polepole, hakulalamika hata juu ya bugali langu. Alimaliza sahani yote, akafuta mchuzi kwa tonge la mwisho, akalila. Kisha akainua uso kuelekea mlangoni, kama mtoto anayeitikia mtu aliye chumba cha pili.

"Nimekula, mama," akasema.